Joto, Maji Machafu na Kome wa Pwani ya Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa yanatoka kwa akina mama wanaokwenda pwani maji yakitoka, kwa vijana wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari, kwa walimu wa sayansi, na kwa jamaa waliohamia mbali ambao bado wanaagiza chaza wakavu kutoka nyumbani. Karibu wote wanaanzia palepale: mwamba uliokuwa mweusi kwa kome sasa unaonekana mtupu, na kila mtu ana mshitakiwa wake. Mmoja anasema ni jua. Mwingine anasema ni maji machafu. Nimejaribu kujibu kadiri sayansi inavyoruhusu, na pale nilipo na maoni yangu nimeyasema waziwazi.

Kome ni yupi, na chaza ni yupi?

Majina haya hubadilika ukivuka ghuba tu, kwa hiyo tupatane kwanza. Hapa kome ni yule wa magamba mawili marefu, meusi au ya kahawia, anayejifunga kwenye mwamba kwa nyuzi zinazofanana na nywele ngumu. Chaza wa miamba hajifungi kwa nyuzi. Gamba lake moja limeganda kwenye jiwe au kwenye mzizi wa mkoko kama lililojengewa saruji. Kombe anajizika kwenye mchanga wenye tope, katikati ya majani ya bahari. Tondo wa mikokoni yuko mbali nao kabisa, maana ana gamba moja la kuzunguka na ni jamii ya konokono.

Mengi nitakayosema kuhusu kome yanawahusu pia chaza na kombe, kwa kuwa wote watatu hula kwa kuchuja maji. Lakini mwongozo huu una mpaka wake: utafiti mwingi kuhusu kome umefanywa kwenye bahari za baridi, Kanada, Marekani na Ulaya. Kome wa huko huanza kuumia kwenye joto ambalo wa kwetu halimsumbui. Namna joto linavyoumiza mwili ni ileile. Kiwango ndicho tofauti.

Anakula nini?

Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea majini. Hupitisha maji kwenye matamvua yake, akazuia chakula, akayatoa maji. Kome mkubwa kwenye maji mazuri huchuja lita 1 au 2 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Zidisha kwa maelfu ya kome waliosongamana kwenye mwamba mmoja, utaona kwa nini maji yaliyo juu ya kitanda cha kome huwa maangavu.

Tofauti yake kubwa na samaki ni kwamba hana pa kwenda. Changu akihisi maji yamechafuka anateremka kina kirefu. Kome aliyekwisha kushika mwamba atapokea chochote kitakacholetwa na maji, na jua lolote litakalomkuta hapo.

Kome wamekaa juani tangu enzi za mababu. Joto la sasa lina jipya gani?

Swali hili ni la haki, na jibu lake liko kwenye kalenda ya maji ambayo wavuvi wetu wanaijua kuliko mtu yeyote.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Maana yake ni kwamba hukauka kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na tena usiku. Tofauti kati ya kujaa na kukauka hufika meta 3 na zaidi. Kwa hiyo mwamba ambao kwa kawaida hufunikwa na maji huachwa wazi kuanzia jua linapopanda hadi adhuhuri. Ziko pwani za dunia ambako maji makavu ya bamvua huangukia alfajiri au jioni, na kome wa huko wamepewa nafuu na mwezi wenyewe. Wa kwetu hawakupewa.

Sasa ongeza majira. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Ile ya Septemba hukuta kusi bado inavuma, maji yana ubaridi, na mawimbi yanarusha manyunyu juu ya jabali. Ile ya Machi hukuta mwisho wa kaskazi, wakati maji ya bahari yamefika joto lake la juu kabisa la mwaka, nyuzijoto 29 au 30. Tena ndio mwanzo wa tanga mbili: upepo umelala, bahari shwari, hakuna hata tone la kulowanisha mwamba. Nikiambiwa nichague siku chache za mwaka ambazo maisha ya kome wa Mtwara yanaamuliwa, nitachagua asubuhi za bamvua la Machi.

Kome wa kale walizipitia asubuhi hizo na wakabaki. Ila waliishi na nafasi ndogo kati ya joto wanalolizoea na joto linalowaua, na nafasi hiyo inazidi kubana. Bahari ya Hindi inapata joto. Matumbawe ya pwani yetu yalipauka mwaka 1998, yakapauka tena 2016, na wazee wa Msimbati hawahitaji kipimajoto kuyakumbuka hayo. Aliyekuwa anaishi hatua mbili kutoka ukingoni, sasa amebakiwa na nusu hatua.

Joto linamwua kwa njia gani hasa?

Maji yakitoka, kome hufunga magamba ili asikauke. Akiwa amefunga, hewa ndani huisha upesi, na mwili hulazimika kuendesha shughuli zake bila oksijeni, jambo linalotumia akiba na kuacha taka mwilini. Wengine hufungua kidogo na kufunga tena ili wapate hewa, kama afanyavyo kome wa kahawia, Perna perna, anayepatikana Msumbiji na Afrika Kusini. Kila anapofungua, maji yake yanapungua. Ni biashara ngumu: akifunga anakosa hewa, akifungua anakauka.

Wakati huohuo mwamba unazidi kuwaka. Jabali lililopigwa na jua huwa na joto kubwa kuliko hewa inayolizunguka, na gamba jeusi hulivuta joto hilo. Ndani ya mwili, protini huanza kupoteza umbo, kama ute wa yai unavyobadilika kwenye sufuria. Kome hujitetea kwa kutengeneza protini maalumu za kuzikamata zile zilizoharibika na kuzinyoosha, au kuzivunja zisizofaa. Kazi hiyo ni ghali. Nguvu anazotumia hapo ndizo zile ambazo angekulia, angezalia, au angesokotea nyuzi za kujishikia. Joto likizidi, moyo hupiga haraka, kisha huanza kusuasua, kisha husimama.

Hafi kila mara palepale. Wengi hurudi kufunikwa na maji wakiwa wanaonekana wazima, halafu hufa usiku au siku zinazofuata. Ndiyo sababu mtu huenda pwani siku tatu baada ya joto kali, akakuta magamba yametanuka na nyama imeoza, akadhani kuna sumu iliyomwagwa jana.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa mwishoni mwa Juni 2021, magharibi ya Kanada. Wimbi la joto liliangukia siku ambazo maji yalitoka mbali mchana. Miamba karibu na Vancouver ilipimwa ikakutwa na joto lililozidi nyuzi 50. Mwanabiolojia Chris Harley wa Chuo Kikuu cha British Columbia, baada ya kukagua pwani zilizokuwa zinanuka kwa mizoga, alikadiria kwamba viumbe zaidi ya bilioni moja wa ukanda wa maji kupwa na kujaa walikufa, kome wakiwa wengi mno. Waliokuwa kwenye kivuli cha mwamba, hatua chache tu kando, wengi walipona.

Wale ambao hawatoki kabisa nje ya maji wako salama?

Wako salama na jua, si na joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 7.4 kwa lita, ya nyuzijoto 30 hubeba kama 6.2. Na mwili wa kome, kwa kuwa hauna joto lake wenyewe, hukimbia kasi zaidi maji yakiwa na joto, hivyo hudai oksijeni nyingi pale ilipopungua.

Wakulima wa mwani wa pwani hii watanielewa haraka. Mwani aina ya cottonii uliosumbuka kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto, hadi ukapauka na kukatika, haukutoka juani. Maji yaliufuata palepale ulipofungwa kwenye kamba.

Uchafu upi unawadhuru?

Watu wakisikia uchafu wa bahari hufikiria meli na viwanda vikubwa. Hivyo vina nafasi yake. Lakini kome wa kijijini hukutana zaidi na vitu vya kila siku, na nitavitaja kwa mpangilio wa uzito ninaoupa mimi.

Maji taka ya majumbani ni ya kwanza. Kinyesi huleta bakteria na virusi vinavyomdhuru mlaji kuliko kome mwenyewe, ila huleta pia rutuba. Rutuba ikizidi kwenye ghuba lililofungika, kama lile la Mikindani ambalo mlango wake ni mwembamba, vijimea hustawi kupita kiasi, kisha hufa, na kuoza kwake hula oksijeni, hasa usiku. Mtu anaweza kusema, si ndiyo chakula cha kome kimeongezeka? Mwanzoni ndiyo. Baadaye chakula kinageuka kuwa kitanzi.

Tope ni la pili, na halitajwi inavyostahili kwa sababu halina harufu. Mikoko ikikatwa kwa kuni au kwa kupisha mashamba ya chumvi, na kingo za mito zikilimwa hadi majini, mvua hushusha udongo hadi pwani. Kome hulazimika kuchuja mchanga na udongo, kuufunga kwa ute na kuutema, kazi ya siku nzima isiyo na mlo.

Kisha mafuta. Oili chafu ya mashine za boti inayomwagwa ufukweni huelea, hutanda, na maji yakitoka hubaki imekaa juu ya kome. Baadhi ya kemikali za mafuta huwa kali zaidi zikipigwa na jua, na wanaoumia mno ni mabuu, maana miili yao ni myembamba kiasi cha mwanga kupenya.

Rangi za kuzuia viumbe kuota chini ya vyombo nazo zina madhara. Zamani majahazi yalipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na shahamu. Rangi za kisasa nyingi hutumia shaba, na shaba ni sumu kali kwa mabuu ya kome, hata ikiwa kidogo sana majini. Iliwahi kuwepo mbaya zaidi, yenye bati ndani yake, iliyoharibu magamba ya chaza wa Arcachon nchini Ufaransa. Ufaransa ikaizuia kwa boti ndogo mwaka 1982, na mkataba wa dunia wa kuipiga marufuku ukaanza kazi 2008. Pale Arcachon chaza walianza kurudi baada ya marufuku. Mfano huo naupenda, kwa sababu unaonyesha bahari inavyoitika ikiondolewa mzigo.

Plastiki iko kila mahali. Mifuko ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, lakini vipande vya nyavu na kamba za nailoni vinaendelea kusagika, na kome huvichuja pamoja na chakula.

Salfa ya mikorosho inaua kome?

Kila msimu wa kupulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ukungu, swali hili hurudi. Salfa yenyewe si mshitakiwa mkubwa. Maji ya bahari tayari yana salfa nyingi iliyoyeyuka katika umbo la salfeti, karibu gramu 2.7 kwa kila lita, kwa hiyo vumbi linalopeperushwa na upepo halibadilishi kitu. Ninachohofia ni viuatilifu vya majimaji vya kuua wadudu na ukungu, na hasa mabaki: bomba la kupulizia linalooshwa kwenye kijito, chupa zinazotupwa korongoni. Dawa iliyotengenezwa kuua mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza miti hiyo, haichagui ikifika kwenye maji yenye mabuu ya kamba na kome. Osha bomba shambani, mbali na mkondo wowote, na maji ya kuoshea yamwagwe kwenye udongo mkavu uliopuliziwa.

Kwa nini joto na uchafu visemwe pamoja?

Kwa sababu kome ana mfuko mmoja tu wa nguvu, na wote wawili wanachota humo.

Joto linamdai protini za kurekebisha zilizoharibika. Metali kama shaba zinamdai protini nyingine, za kuzikamata metali hizo zisizurure mwilini. Tope linamdai ute. Upungufu wa oksijeni unamdai akiba ya wanga. Kila dai, likija peke yake, anaweza kulilipa na bado akabaki na cha kukulia. Yakija yote siku moja, mfuko unakauka.

Tena yanasaidiana kuumiza. Maji yakipata joto, kome hupitisha maji mengi zaidi kwenye matamvua, na sumu iliyomo huingia kwa wingi. Akihisi sumu, hufunga magamba hata akiwa majini, na hapo anakosa hewa wakati ambao mwili wake, kwa sababu ya joto, unaihitaji zaidi. Aliyedhoofika husokota nyuzi chache na dhaifu. Bahari yenyewe nayo, kwa kusharabu hewa ya ukaa, inaongeza tindikali: jaribio moja lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 lilionyesha nyuzi za kome zikipungua nguvu kwa asilimia 40 kwenye maji yenye ukaa mwingi. Kusi ikianza kuvuma, kome wa namna hiyo hung'olewa na wimbi ambalo mwaka uliopita lisingemtikisa. Mama akimkuta ametupwa ufukweni atasema mawimbi ndiyo yaliyomuua. Mawimbi yamemkuta ameshachoka.

Hapa ndipo maoni yangu yalipo. Joto la bahari hatuwezi kulipunguza kutoka Mtwara, hata tukikesha. Chanzo chake kikubwa kiko kwenye nchi zinazochoma makaa na mafuta kuliko sisi. Lakini choo, oili chafu, mkoko na bomba la dawa viko mikononi mwetu. Tukimwondolea kome madai hayo, anabaki na akiba ya kulilipa joto. Anayesema "tatizo ni tabianchi, hatuna la kufanya" amehesabu dai moja tu.

Mvua kubwa je? Maji baridi si nafuu?

Hapana. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na mwili wa kome umelingana nayo. Ruvuma au Lukuledi ikifurika, maji matamu hutanda juu ya ghuba na kome hufunga magamba akisubiri yapite. Anaweza kustahimili siku kadhaa. Kama maji yana joto, siku hizo zinapungua, kwa sababu anakula akiba yake haraka zaidi akiwa amejifungia. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Maji yaliyobomoa barabara ile hayakuishia barabarani. Yalishuka baharini na udongo wake wote.

Mabuu yanaathirika vipi?

Kuliko wakubwa. Kome huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na mabuu huelea wiki kadhaa kabla ya kutafuta pa kushika. Katika siku mbili za mwanzo ni wepesi kudhurika kiasi kwamba maabara nyingi duniani huwatumia kupimia sumu ya maji: wakikua na maumbo yaliyopinda, maji hayafai. Unaweza kuwa na mwamba wenye kome wakubwa wenye afya, na bado usione mtoto hata mmoja kwa miaka. Mwamba wa namna hiyo unaelekea kufa, ingawa ndoo bado inajaa. Mimi hutazama wadogo kwanza.

Je, si sisi tunaookota kupita kiasi?

Ni sisi pia, na si haki kulificha hilo. Sehemu inayookotwa kila bamvua haipati muda wa kurudi. Lipo jambo dogo lisilozingatiwa: kome waliosongamana huhifadhi unyevu, na wa katikati hupata joto kidogo kuliko aliyebaki peke yake juu ya jiwe tupu. Ukikwangua mwamba wote ukaacha mmojammoja, waliobaki umewavua nguo juani. Afadhali kuchukua kiraka hapa, ukaacha kiraka kizima pale.

Hata hivyo sikubali lawama zote ziwekwe kwa akina mama wenye ndoo. Wao ndio wa kwanza kuona kitoweo kinapungua, na ndio wa mwisho kuulizwa.

Kome wa kwetu ni salama kula?

Inategemea wametoka wapi, na kupika hakuondoi kila kitu.

Vijidudu vya kinyesi hufa kwa moto, mradi moto uwe wa kutosha. Magamba kufunguka si dalili kwamba nyama imeiva, hufunguka mapema. Virusi vya homa ya ini aina ya A vinahitaji nyama yenyewe ifike nyuzijoto 90 kwa sekunde 90, na jikoni maana yake ni kuendelea kuchemsha dakika kadhaa baada ya magamba kufunguka. Mwaka 1988, mjini Shanghai, watu wapatao 300,000 waliugua homa hiyo baada ya kula kombe waliochemshwa juujuu, waliotoka kwenye maji yenye kinyesi. Kombe wale ni wa jamii moja na hawa tunaowafukua kwenye mchanga wetu. Kuna pia bakteria wa asili wa baharini, jamii ya vibrio, wanaoongezeka maji yakipata joto, na hao nao huuawa kwa kuchemsha vizuri. Mwenye ugonjwa wa ini asionje chaza mbichi kabisa.

Metali haziondoki kwa moto. Wala sumu zinazotengenezwa na baadhi ya vijimea vya bahari haziondoki: kome huzikusanya bila yeye kuumia, na mlaji huanza kuhisi ganzi midomoni na vidoleni, kisha udhaifu, na ikizidi kupumua huwa shida. Ganzi ya midomo baada ya kula kome ni safari ya hospitali, usingoje ipite. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakawa mekundu, ya kahawia au ya kijani kizito, acheni kuokota hadi yasafike na wiki kadhaa zipite.

Kabla ya kupika, gonga gamba la kila aliyefunguka. Asiyefunga, mtupe. Na msiokote karibu na mfereji, bandarini, au mahali boti zinapofanyiwa matengenezo, hata kama ndiko waliko wanene. Unene wao hautokani na maji safi.

Hifadhi ya bahari inasaidia chochote?

Inasaidia. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na eneo lake ni kilometa za mraba 650, zikiwamo ghuba, matumbawe, majani ya bahari na mikoko. Haizuii joto. Inachofanya ni kuacha mahali ambapo kome wakubwa wanaweza kuzaa bila kuguswa, na mabuu yao husafiri na mkondo hadi kwenye miamba ya vijiji vingine. Mikoko yake hukamata tope kabla halijafika pwani.

Nje ya hifadhi kuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka baharini na kwenye kingo za mito. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali kinachoifahamu ibara hiyo kina cha kushika mkononi kinapokwenda kuzungumza na ofisi ya kijiji.

Tunawezaje kujua kilichowaua wa kwetu?

Kwanza tazama walipofia. Joto huua kwa mistari: wa juu ya mwamba na wa upande unaotazama jua hufa, wa kwenye ufa na kivulini hupona. Maji matamu huua wote wa usawa mmoja karibu na mdomo wa mto, bila kujali kivuli. Sumu na ukosefu wa oksijeni havijali kivuli wala urefu, na mara nyingi utakuta kaa, pweza na samaki wadogo nao wamekufa au wametoka kwenye mashimo yao. Mafuta utayajua kwa pua na kwa kitambaa cheupe.

Pili, wekeni kumbukumbu kabla ya balaa, kwa sababu bila kujua jana palikuwaje hamwezi kusema leo pameharibika. Huko Marekani tangu 1986 wamekuwa wakipima uchafu wa bahari kwa kuchunguza nyama ya kome, na mtafiti Brian Helmuth na wenzake walitega kwenye miamba ya nchi mbalimbali vifaa vidogo vyenye umbo la kome, vinavyorekodi joto analolisikia kome mwenyewe. Kijijini hatuhitaji yote hayo. Chagueni miamba mitatu: mmoja unaookotwa, mmoja ulioachwa, mmoja wa kivulini. Tengenezeni fremu ya mraba ya miti, nusu meta kila upande. Kila bamvua la mwezi mpevu, wekeni fremu palepale, hesabuni wakubwa, wadogo, na magamba matupu. Kipimajoto cha kawaida kikitiwa kwenye ufa wa mwamba saa 5 asubuhi kinatosha kwa joto. Andikeni kwenye daftari tarehe, upepo, rangi ya maji, na kama mvua ilinyesha juma lile.

Anzeni Januari, ili bamvua la Machi liwakute mmeshahesabu mara mbili. Na siku tatu baada ya bamvua hilo rudini tena, hata kama maji hayatoki sana, mkatazame waliofunguka.